Ghala Isiyoonekana Ilishayo Nyota

Utazamapo mbinguni usiku usio na mwezi, waweza kuuona utepe mweupe uitwao Njia Nyeupe. Hiyo ndiyo galaksi yetu, mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na jua letu ni mojawapo. Lakini galaksi si nyota tu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Lyman Spitzer, alitoa hoja kwamba yapasa iwe imezungukwa na gesi yenye joto kali.

Gesi hiyo ni nyepesi mno, wala haionekani kwa macho. Hugunduliwa kwa kuwa hunyonya sehemu ya mwanga utokao mbali na kupita ndani yake. Kwa njia hiyo, mwaka 2020 wataalamu waliotumia darubini ya Hubble walieleza kwamba gesi ya galaksi jirani, Andromeda, imeenea hadi umbali wa miaka ya nuru milioni 1.3.

Je, ina kazi gani? Ni ghala. Gesi hupoa, huanguka ndani ya galaksi na kuzaa nyota. Nyota kubwa zifapo hulipuka, zikaitupa nje sehemu ya gesi pamoja na oksijeni na chuma. Nyingine hurejea baadaye. Galaksi ikatizwapo riziki hiyo haizai tena; nyota zake huzeeka, zikazimika moja moja.

Hata chuma kilichomo katika damu ya wanao kilifuliwa na nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa. Waonyeshe utepe ule, uwaeleze.