Asili na Maana ya Nembo ya Mji wa Coburg
Nembo ya Coburg, mji wa Bavaria nchini Ujerumani, ni kichwa cha Mwafrika mwenye hereni ya dhahabu. Anayewakilishwa ni Mtakatifu Maurice, msimamizi wa mji, ambaye kwa mujibu wa mapokeo alikuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kutoka Misri aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Mwaka 1934 utawala wa Nazi uliiondoa nembo hiyo na kuweka upanga wenye alama ya swastika. Mwaka 1945 ile ya awali ikarejeshwa. Hata hivyo, midomo minene na hereni hutokana na dhana ya Ulaya kuhusu Mwafrika, si na wasifu wa mtakatifu. Kwa hiyo, mjadala wa kuidumisha au kuibadili hauna budi kutenganisha heshima iliyokusudiwa na taswira iliyotumika kuiwasilisha.