Michezo ya kunoa ubongo: mtoto anafundishwa nini hasa?

Januari 2016, kampuni ya Lumos Labs ya San Francisco, yenye programu maarufu ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya kubanwa na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za watumiaji na biashara. Kampuni ilikuwa imewatangazia wateja kwamba dakika 10 hadi 15 za kucheza, mara 3 au 4 kwa wiki, zitawafanya wafaulu zaidi kazini na shuleni, na hata kuwakinga na usahaulifu wa uzeeni. Tume ilisema madai hayo hayakuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuyabeba.

Matangazo ya aina hiyo hayakuisha. Mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi akifungua duka la programu kwenye simu yake leo, anakutana nayo yamejipanga: kumbukumbu, umakini, akili ya haraka. Mtoto akicheza wiki mbili, alama zake zinapanda, na mzazi anafurahi. Ni kweli zinapanda. Linalotuhusu ni kama uwezo ule unatoka ndani ya mchezo na kumfuata mtoto hadi kwenye daftari la hesabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, kijana mmoja mwanafunzi alikubali kufanyiwa jaribio. Alisomewa tarakimu, moja kila sekunde, kisha azirudie kwa mpangilio uleule. Alianza na 7, kama watu wengi. Baada ya mazoezi ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, alikuwa akirudia 79. Kijana huyu alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na siri yake ilikuwa hapo: alizikata tarakimu vipande vipande na vipande vingi akavigeuza kuwa muda wa mbio. Watafiti Anders Ericsson na William Chase walipombadilishia, wakamsomea herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye 6. Kumbukumbu yake haikuwa imepanuka. Alichopata ni ufundi wa tarakimu, nao uliishia kwenye tarakimu.

Miaka thelathini baadaye, jambo hilo lilipimwa kwa umati. Adrian Owen na wenzake, wakishirikiana na BBC, waliwafuatilia watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki 6. Matokeo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la Nature: watu waliimarika katika mazoezi waliyoyafanya, lakini hapakuwa na dalili kwamba uhodari huo ulihamia kwenye mambo mengine, hata yale yanayofanana nayo.

Zipo tafiti zenye habari njema kidogo, hasa kwa wazee waliofunzwa kuona na kuamua haraka. Lakini hizo si hoja ya kumuuzia mtu programu ya mtoto wa darasa la pili.

Je, basi michezo haina nafasi katika elimu? Inayo, tena kubwa. Katika chuo kilekile cha Pittsburgh, Geetha Ramani na Robert Siegler waliwachezesha watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini mchezo wa ubao wenye visanduku 10 vilivyopangwa mstari mmoja. Kundi moja lilikuwa na visanduku vyenye namba 1 hadi 10; jingine lilikuwa na visanduku vya rangi tu. Aliye kwenye 3 akipata 2, alisogeza kete huku akitamka, "4, 5." Walicheza mara 4 tu, robo saa hivi kila mara. Watoto wa namba waliimarika katika kuhesabu, kuzitambua namba na kujua ipi kubwa, na faida hiyo ilikuwapo bado wiki 9 baadaye. Watoto wa rangi hawakupata faida hiyo. Ubao ni uleule na furaha ni ileile. Tofauti ni kwamba kundi moja lilikuwa likigusa namba zenyewe kila hatua.

Sisi wenyewe tumeliona hili mkoani Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwanzoni, zaidi ya 9 kati ya kila watoto 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019, programu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Hazikuahidi kukuza akili. Zilifundisha herufi, silabi na namba.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujalipia programu yoyote, kaa na mtoto raundi moja utazame kidole chake kinagusa nini. Kikigusa silabi au namba, mwache acheze. Na kama fedha hakuna, chora visanduku 10 kwenye kadibodi, tafuta vizibo viwili vya soda na sarafu: upande mmoja hatua 1, upande wa pili hatua 2. Kisha hakikisha anaitamka kila namba anayoikanyaga.