Adui wa Barabara

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, uko kilometa 120 hivi kutoka Lubumbashi. Barabara ya taifa namba 1 hupita hapo. Ikipita Kolwezi, hufika Likasi na Lubumbashi, kisha huendelea mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Mchana na usiku motokari kubwa huipita, zimebeba shaba na kobalti.

Ziko pia njia za udongo ziendazo vijijini. Kwa njia hizo huja mahindi, mihogo na makaa. Kwa njia hizo mgonjwa hupelekwa hospitali. Njia ikikatika, bei ya unga hupanda sokoni, na mgonjwa hubaki kijijini.

Ni nini kinachoharibu njia? Watu wengi hujibu: magurudumu. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Gurudumu humaliza kazi iliyoanzwa na mwingine. Adui wa kwanza wa barabara ni maji.

Fanya jaribio hili. Twaa udongo wa mfinyanzi, ufanye madonge mawili yaliyo sawa. Yaanike juani siku kadhaa mpaka yakauke kabisa. Kisha moja liloweshe maji. Weka jiwe zito juu ya kila moja. Donge kavu hubeba jiwe. Donge lililolowa hubonyea. Udongo ni ule ule, jiwe ni lile lile. Maji tu ndiyo yaliyoleta tofauti.

Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, aliyeishi tangu 1756 mpaka 1836, aliitambua siri hiyo. Alifundisha kwamba mzigo wote wa barabara hubebwa na udongo ulio chini yake. Mawe ya juu ni kama paa: kazi yake kubwa ni kuukinga udongo usilowe.

Lakini udongo si wa namna moja. Pande za Likasi, juu ya vilima kuna changarawe nyekundu. Ikishindiliwa vizuri huwa ngumu, nayo hufaa sana kwa barabara. Mwendo mfupi tu kutoka hapo njia huteremka katika dembo, yaani bonde pana lenye majani na maji. Huko mara nyingi kuna udongo mweusi. Ukilowa huvimba na kuteleza, ukikauka hupasuka. Basi barabara moja hulala juu ya vitanda viwili, kimoja kigumu na kimoja laini. Fundi asiyepima udongo atajenga vilevile mahali pote, na mvua za kwanza zitaonyesha kosa lake. Kila mtoto wa katekisimu aujua mfano wa Bwana Yezu wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba na moja juu ya mchanga. Barabara nayo ina msingi.

Fundi mwenye akili hufanya mambo manne. Kwanza, huondoa udongo mbaya na kuweka changarawe na mawe mahali pake. Pili, hujenga kwa matabaka, na kila tabaka hulishindilia kabla ya kuweka jingine. Tatu, huinua barabara katikati kama mgongo, ili maji ya mvua yateremke pande zote mbili. Nne, huchimba mifereji kandokando, na penye bonde huweka bomba kubwa la saruji chini ya barabara, maji yapite bila kuikata. Lami huja mwisho. Lami juu ya msingi mbaya ni kama shati jipya juu ya kidonda.

Katika nchi za baridi maji huharibu barabara kwa namna nyingine. Likasi watu huota moto usiku wa Juni na Julai, lakini ardhi haigandi. Huko Kanada na Ufini ardhi huganda miezi mingi. Maji yakigeuka barafu hutaka nafasi kubwa zaidi: chupa 11 za maji hutoa barafu ya kujaza chupa 12 hivi. Tena, penye udongo laini wa unga, barafu huvuta maji mengine kutoka chini, kama utambi wa taa uvutavyo mafuta. Barafu hunenepa, barabara huinuka na kupasuka. Baridi ikiisha, barafu ya juu huyeyuka kwanza. Ile ya chini bado imeganda, basi maji hayapati pa kwenda. Barabara hulegea kama uji.

Mafundi wa huko hufanya nini? Huondoa udongo laini, huweka changarawe nene isiyovuta maji, na huchimba mifereji. Ni dawa ile ile ya dembo la Likasi!

Ziko pia amri zinazofanana. Huko Kanada, majira ya kuyeyuka barafu, mahali pengi serikali hupunguza mzigo wa motokari. Katika njia za udongo za Kongo kuna kizuizi cha mvua, mti uliokingama njiani. Mvua ikinyesha mlinzi hukifunga, na motokari kubwa hungoja mpaka njia ikauke.

Je, amri hizo ni za kusumbua watu bure? Hapana. Tangu 1958 mpaka 1960 wataalamu wa Marekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois. Walijenga barabara za kuzunguka, na motokari zenye mizigo mbalimbali zikapita juu yake tena na tena, kwa muda wa miaka 2 hivi. Wakaona kwamba mzigo wa ekseli moja, yaani chuma kishikacho magurudumu, ukiongezwa mara 2, uharibifu huongezeka mara 16 hivi. Wakaona pia kwamba barabara ziliumia zaidi majira ya kuyeyuka barafu, udongo ulipokuwa umejaa maji.

Sasa mfikirie dereva aliyefika penye kizuizi jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Motokari yake imejaa kupita kiasi. Hataki kungoja. Ampa mlinzi fedha kwa siri, mti wainuliwa, apita. Nyuma yake magurudumu yameacha mifuo miwili mirefu. Mvua ya kesho yaingia katika mifuo, maji yakaa humo, udongo walegea. Motokari ya pili yachimba zaidi. Baada ya siku chache njia imekatika, na mama mgonjwa abebwa na vijana katika kipoyi mpaka barabara kuu. Dereva hakumwona mama huyo. Mlinzi naye hakumwona. Lakini wao ndio waliomnyang'anya njia.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mfereji uliojaa majani huzibuliwa kwa jembe moja na asubuhi moja. Ukiachwa, maji yatapita juu ya barabara, na hapo watu 100 hawatatosha. Anayetupa takataka katika mfereji, na anayelima mpaka ukingoni mwa barabara, humsaidia adui. Anayezibua mfereji mbele ya nyumba yake huwasaidia watu asiowajua, nayo ni kazi ya mapendo.

Maulizo
1. Kwa nini donge lililolowa halikuweza kubeba jiwe?
2. Barabara huinuliwa katikati kwa sababu gani?
3. Maji huharibuje barabara katika nchi za baridi?
4. Dereva na mlinzi walimkosea nani?
5. Tazama mfereji ulio karibu na shule. Je, maji yapita vizuri?