Moshi wa Lori la Bisil Unahesabiwa Mpaka Benki: Wewe Unaingia Wapi?

Simama Bisil, kando ya Barabara ya Namanga, siku ya soko la mifugo. Malori yanapakia ng'ombe na mbuzi kuelekea Nairobi. Lori likinguruma, moshi unatoka. Je, moshi huo ni wa mwenye lori peke yake, ama pia ni wa benki iliyomkopesha?

Siku hizi unahesabiwa kwa wote wawili. Umeme na jenereta za benki huwa ni sehemu ndogo tu. Uchafuzi mkubwa uko kwenye kazi zinazofanywa kwa pesa zake.

Hesabu inafanywaje?

Benki nyingi duniani hufuata kanuni za PCAF, ushirika wa taasisi za fedha ulioanzia Uholanzi mwaka wa 2015. Kanuni yenyewe ni rahisi: benki inabeba moshi kulingana na pesa zake zilizobaki ndani ya mali.

Tuseme umenunua lori la KSh 2,000,000, na KSh 1,200,000 ni mkopo. Sehemu ya benki ni asilimia 60. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Ukichoma lita 5,000 kwa mwaka, hiyo ni tani 13.5. Benki itaandikiwa karibu tani 8.

Ukilipa mpaka deni libaki KSh 600,000, benki itaandikiwa karibu tani 4. Lakini angalia vizuri: lori bado linatoa moshi uleule. Kwa hivyo benki ikitangaza kuwa tani zake zimepungua, uliza kama moshi umepungua ama ni madeni tu yamelipwa.

Usipokuwa na rekodi, utakadiriwa

Benki isipojua umechoma lita ngapi, hutumia wastani wa magari ya aina hiyo. PCAF hupima ubora wa takwimu kwa alama 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Ukiendesha kwa uangalifu na kuchoma mafuta kidogo, wastani hautaonyesha bidii yako. Rekodi ndiyo itakutetea.

Hili linatugusa sote

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya, na Kajiado iliumia sana. Ng'ombe akifa, deni halifi naye. Ndiyo maana Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo kwa benki kuhusu hatari za tabianchi, kisha Aprili 2025 ikazindua mfumo wa kuripoti hatari hizo.

Fanya hivi leo

- Lipia mafuta kwa simu, halafu andika lita ulizoweka. Ujumbe wa malipo huonyesha pesa tu, hauonyeshi lita.
- Tenga matumizi ya biashara na ya nyumbani.
- Pakua taarifa ya akaunti yako kila mwezi na uihifadhi.
- Ukiomba mkopo, uliza kama kuna masharti tofauti kwa pampu ya sola ama gari linalotumia mafuta kidogo.

Na ukipigiwa simu kuhusu "mkopo wa mazingira," kumbuka: hakuna hesabu ya moshi inayohitaji PIN yako. Kata simu.