Damu, Chuma na Sumaku
Mama mjamzito akienda kliniki, iwe Kitengela au Kajiado, huchomwa kidole akaambiwa, "Mama, damu yako ni 9." Yaani gramu 9 za himoglobini kwa desilita. Chini ya 11 ni upungufu, na akivuja damu siku ya kujifungua ni hatari. Lakini hiyo 9 ni jumla ya chembe zote kwa pamoja.

Kumbe himoglobini ina chuma! Mwaka 1936 Pauling na Coryell wa Marekani walionyesha kwamba damu iliyoishiwa oksijeni huvutwa na sumaku, ingawa kidogo mno. Sumaku ya spika ya redio haitoshi. Siku hizi watafiti wa Ohio hutazama kwa hadubini chembe moja moja ikivutwa: iliyojaa himoglobini hukimbia, pungufu hujikokota. Chuma kikianza kupungua mwilini, chembe mpya hutoka dhaifu huku za zamani zingali nzuri. Jumla huficha hayo.

Sisi kwa sasa tunacho kidole. Akina mama, msingoje kizunguzungu. Na chai msinywe pamoja na chakula, huzuia chuma.