Jua Mbale, mvua mlimani

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Labda umepewa karatasi ya rufaa ya kumpeleka mtoto hospitali ya CURE kule Mbale, ile inayotibu watoto wenye kichwa kujaa maji. Kutoka Nakivale au Kyaka utapita Kampala, kisha Jinja, na kutoka Jinja zinabaki kilomita karibu 150. Leo tunaizungumzia safari hiyo ya mwisho.

Kati ya Jinja na Iganga, hatari ni magari. Hii ndiyo njia ya malori ya Mombasa, na humo humo yanapita matrekta ya miwa ya Busoga, mengine usiku bila taa za nyuma. Dereva mwenye haraka hulikuta trekta mbele yake wakati breki haisaidii tena. Basi safiri mchana. Teksi inaruhusiwa abiria 14; wakizidi, una haki ya kukataa kupanda. Ni rahisi kusema, najua, wakati umebeba mtoto na jioni inaingia. Kwa hiyo weka kando pesa ya kulala usiku mmoja njiani, hata kama hutaitumia.

Ukipita Iganga, pale Nakalama, njia ya Mbale inakata kushoto: Namutumba, Tirinyi, Budaka. Nchi ni tambarare, mabwawa ya Mpologoma na mashamba ya mpunga. Wengi hufikiri hapa shida imekwisha. Lakini tazama mbele: ule ni Mlima Elgon, mita 4,321. Mvua ikinyesha juu, maji hushuka kwa mito kama Nabuyonga na Namatala hadi Mbale, kisha huenea kwenye mabwawa. Kwa hiyo mto unaweza kujaa mjini wakati wewe hujapata hata tone moja. Jua likiwaka Mbale, usiseme njia ni salama. Uliza kama mlimani kulinyesha.

Usiku wa Jumamosi tarehe 30 Julai 2022 ilikuwa hivyo. Mito ilivunja kingo, nyumba zikabomoka, na teksi yenye abiria ikasombwa. Zaidi ya watu 20 walifariki.

Kwa nini gari zito libebwe? Kwa sababu maji huliinua. Yakifika sentimita 30, gari dogo huanza kuelea; yakifika 60, magari mengi huchukuliwa. Mtu mzima huangushwa na maji ya magoti tu yakiwa na kasi, na maji ya matope hayakuonyeshi kama lami bado ipo chini. Dereva akisema, "Napita hapa kila siku," mwambie ushuke kwanza. Abiria wawili watatu wakisema pamoja, mara nyingi atasubiri. Mafuriko ya mlimani hupanda haraka, lakini pia hupungua kwa saa chache. Mpigie simu muuguzi umweleze kwamba umekwama. Kuchelewa miadi kuna dawa yake.

Beba kitambulisho chako cha ukimbizi na karatasi ya rufaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Namba za polisi ni 999 na 112. Ziandike nyuma ya karatasi hiyo, maana simu huisha chaji.

(Muziki.)