Gofu si Kiwanja cha Michezo: Tujue Kuvu na Madhara Yake kwa Vifua Vyetu



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi pamoja na wazee wetu, katika jarida la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku tukija chuoni. Nalo ni magofu ya mji wetu, na kile kinachoota ndani ya kuta zake.

LILILOTUFANYA TUANDIKE

Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, ana maradhi ya pumu. Wakati wa masika mpira uliingia katika nyumba mbovu iliyo karibu na pale wanapocheza, naye akapenya dirishani kuufuata. Humo ndani akaona mambo ya kumpendeza: ngazi ya zamani, mlango wa nakshi, popo wamening'inia darini. Kesho yake akarudi na wenzake kutembea. Nyumbani hakusema kitu, kwa sababu alikwishakatazwa na aliogopa bakora.

Usiku ule kifua kikambana. Watu wa nyumbani walimwona mtoto aliyelala mzima sasa anahema na macho yamemtoka, wakadhani amekumbwa na jini. Wakafunga madirisha, wakamfunika shuka, wakamfukiza ubani. Moshi ule ukamzidishia. Alhamdulillah, jirani mmoja alipiga hodi, akamchukua mpaka hospitali, akapewa dawa ya kuvuta kwa mashine. Daktari alimwuliza, "Ulikuwa wapi leo?" Akajibu, "Nyumbani tu." Akatibiwa, akarudishwa. Baada ya siku chache akaingia tena gofuni, na usiku wake akapelekwa tena hospitali, mara hii akiwa katika hali mbaya zaidi. Hapo ndipo aliposema kweli.

Leo mwanafunzi huyo ni mzima na anasoma nasi. Lakini tulijiuliza: wangapi kati yetu wanajua alichokutana nacho mle ndani?

KUVU NI NINI?

Kuvu ni kiumbe miongoni mwa viumbe vya Allah. Si mmea wala si mnyama. Ni jamaa ya uyoga. Wengine huita ukungu na wengine huita koga. Tunaiona juu ya mkate uliolala, juu ya viatu vya ngozi vilivyofungiwa kabatini, na katika majalada ya vitabu wakati wa mvua. Harufu ile ya uvundo inayotupokea tunapofungua chumba kilichofungwa muda mrefu, aghalabu ni harufu yake.

Kuvu haikuumbwa bure. Ndiyo inayoozesha majani na miti iliyoanguka ili ardhi ipate rutuba. Hata dawa ya penisilini asili yake ni kuvu, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928. Kwa hiyo tatizo si kuwapo kwake duniani. Tatizo ni kuwa nyingi mno mahali pamoja, halafu sisi tukaenda kuivuta puani.

Kuvu huzaana kwa mbegu ndogo sana ambazo wataalamu huziita spora. Chukua kwa mfano kuvu aina ya Aspergillus fumigatus. Ukizipanga spora zake mstari mmoja, zitahitajika kama 300 ili zifikie urefu wa milimita 1. Jicho halizioni. Ukikanyaga vumbi la gofu, ukisukuma mlango uliooza au ukirusha jiwe ukutani, zinapaa kwa maelfu. Kwa udogo wake, nyingi hupita puani na kooni mpaka ndani kabisa ya mapafu.

KWA NINI MAGOFU YA MJI WETU?

Kuvu inahitaji chakula na maji. Chakula chake ni mbao, karatasi, nguo, na hata vumbi lililoganda ukutani. Kitu kikilowa na kisikaushwe, yatosha siku moja au mbili kuvu kuanza kuota.

Sasa tutazame nyumba zetu za Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wazee walizijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake wakaziweka juu ya boriti za mikoko. Mawe hayo yana vitundu vingi na hunywa maji. Paa likiwa zima na lipu ya chokaa ikiwa nzima, ukuta hulowa kidogo kisha hukauka. Lakini paa likitoboka na mifereji ikiziba, maji huingia ndani ya ukuta na kukaa humo. Mvua za masika na za vuli hufuatana, na baina yake hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Basi boriti huoza, lipu huanguka, na kuvu hupata makao ambayo hakuna anayeifagia wala kuifungulia dirisha.

Maji hayohayo yanayolisha kuvu ndiyo yanayodhoofisha jengo. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, ilipoanguka na watu wawili wakafariki. Lile lilikuwa jumba mashuhuri, na mafundi walikuwamo wakilitengeneza. Je, gofu lisilo na mtu wa kulitazama?

MADHARA YAKE KWA AFYA

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Lilieleza kuwa wanaokaa katika majengo yenye unyevu au kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizo ya njia ya hewa, na kuzidiwa na pumu. Madhara yenyewe tunaweza kuyagawa hivi:

1. Mzio. Mtu hupiga chafya, pua hutoka maji, macho huwasha, koo hukereketa. Wengi huishia hapa, na hali hupoa wakitoka mahali hapo.

2. Pumu. Mwenye pumu akivuta spora, njia zake za hewa huweza kuvimba na kubana. Yeye si sawa na wenzake. Rafiki zake watatoka gofuni wakicheka, naye usiku asiweze kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi.

3. Maambukizo ya mapafu. Mwili wenye afya huziua spora nyingi kabla hazijaota. Lakini mtu ambaye kinga yake ni dhaifu, au aliyewahi kuugua kifua kikuu na mapafu yake yakabaki na mashimo, kuvu huweza kuota ndani yake. Atakohoa, atakonda, na pengine atatema damu, na watu watadhani kifua kikuu kimerudi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, Aspergillus fumigatus iliwekwa katika kundi la juu kabisa.

4. Kuvu ya kinyesi cha popo na ndege. Ipo kuvu iitwayo Histoplasma inayostawi katika kinyesi cha popo. Mwaka 2011 wanafunzi wa baiolojia waliokuwa ziarani Uganda waliingia ndani ya shina la mti lenye uwazi, lililokaliwa na popo. Zaidi ya kumi kati yao waliugua kifua baada ya kurudi makwao. Dalili za maradhi haya, yaani homa, kikohozi na uchovu, huanza baina ya siku 3 na 17 baada ya kuvuta vumbi hilo. Kufikia hapo mtoto amekwisha kusahau kama aliwahi kuingia gofuni. Kinyesi cha njiwa nacho huweza kubeba kuvu nyingine, Cryptococcus, inayowadhuru hasa wenye upungufu wa kinga.

Wengine husema kuvu nyeusi ndiyo yenye sumu na nyeupe haina neno. Hilo si sahihi. Rangi haitoshi kumjulisha mtu hatari. Wengine hujifunga kitambaa au ncha ya kanga puani wakaona wamejikinga. Spora hupita katika nguo na pembeni mwake bila taabu.

JE, SI MAJINI?

Wazee wetu walikuwa wakituambia, "Usiingie gofuni, mna wenyewe." Neno hilo liliwaokoa watoto wengi, nasi hatulidharau. Majini wapo, na Qur'an imewataja. Lakini si kila anayebanwa na kifua amekumbwa na jini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa, na akatuamrisha tujitibu.

Kumsomea mgonjwa Qur'an ni jambo jema, na linaweza kufanywa huku akipelekwa hospitali. Kisichofaa ni kumfungia chumbani na kumfukiza. Kwa mwenye pumu, moshi wa ubani au udi ni mzigo juu ya mzigo, na kila dakika inayopita ina thamani.

Tena tukumbuke mafunzo ya dini yetu. Katika Suratun Nuur tumekatazwa kuingia nyumba za wengine bila ya idhini, hata tusipomkuta mtu ndani, mpaka turuhusiwe. Gofu lina mwenyewe: mrithi, wakfu au serikali. Na katika Suratul Baqara tumekatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Basi anayepenya dirishani kuufuata mpira amekiuka adabu na amehatarisha mwili wake, nao ni amana.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi:

1. Usiingie gofuni, wala usimshawishi mwenzako. Mpira ukiingia, mwambie mtu mzima. Mpira hununuliwa, pafu halinunuliwi.

2. Ukiwa umekwisha kuingia, toka. Vua nguo ulizovaa zifuliwe, oga, na safisha pua kwa maji kama unavyofanya katika udhu.

3. Ikiwa una pumu, dawa yako ya kuvuta isikae mbali nawe. Ukibanwa itumie kama ulivyoelekezwa na daktari, na mwambie mtu aliye karibu.

4. Ukiugua, sema ulikokuwa. Maneno haya matatu, "Daktari, niliingia gofuni," huweza kumfupishia njia ya kujua maradhi yako. X-ray ya kifua peke yake huweza kumchanganya, kwani baadhi ya maradhi ya kuvu hufanana sana na kifua kikuu.

Kwa wazazi na walezi:

1. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi, au mbavu zikibonyea kila anapovuta hewa, asisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

2. Kikohozi kikifika wiki mbili, au homa isiyojulikana sababu, aonwe na daktari. Muulizeni mtoto kwa upole alipopita katika wiki hizo.

3. Msimpige anaposema kweli. Mwanafunzi wetu alinyamaza mbele ya daktari kwa kuogopa bakora, na kunyamaza huko nusura kumgharimu maisha. Mtoto akiungama, mtibuni kwanza. Nasaha zitafuata akishapona.

4. Tazameni na nyumba zetu. Ukuta unaovuja utengenezwe, kwa kuwa kufuta kuvu na kuacha maji ni kazi bure. Doa dogo juu ya ukuta mgumu husuguliwa kwa sabuni na maji, kisha pakakaushwa vizuri. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo wala asikae chumbani inapofanywa. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Fungueni madirisha, anikeni magodoro na mikeka juani.

Nasi hapa chuoni tumeanza kwetu. Kabati la misahafu tumelisogeza mbali na ukuta unaolowa, na stoo hufunguliwa madirisha kila asubuhi kabla ya darasa la kwanza.

MWISHO

Wapenzi wanafunzi, magofu haya yaliwahi kuwa majumba ya watu waliosali, waliosoma na waliopokea wageni ndani yake. Anayetaka kuyajua na aulize wazee, au ayatazame kutoka nje mchana akiwa na mwalimu wake. Na yule mwenzetu, siku hizi mpira ukiingia gofuni yeye ndiye wa kwanza kuwazuia wenziwe wasiufuate. Tunamwomba Allah (S.W.) amzidishie afya, awaponye wagonjwa wetu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.